Namba Moja, Nyumba Mbili

Kwa mujibu wa kampuni ya simu, Bi Goh Siew Hoon alikuwa nyumbani kwake, salama salimini. Kila jioni namba yake ya mezani ilimpigia bintiye aliyeko Melbourne, ikazungumza naye kiasi cha haja, kisha ikakatwa kistaarabu. Anwani ya namba hiyo, kampuni ilisema, ni 3A Lorong Cempaka, Pulau Pinang. Hakuna zaidi.

Hata Inspekta Salbiah Mat Noor mwenyewe alikuwa ameipiga namba ile asubuhi, kwa sababu jirani mmoja alikuwa amelalamika kituoni kwamba mama huyo haonekani. Alipokea mwanamume, akajitambulisha kuwa Goh Eng Keat, mtoto wa kaka yake Bi Goh, akasema amepita kumletea shangazi yake uji. Kisha akampa simu bibi mwenyewe. Sauti kavu ya kikongwe ikasema kwa Kihokkien, Kichina cha mtaani kwao: "Mimi ni mzima. Msinisumbue."

"Sasa unataka akuimbie?" mkuu wa upelelezi alimuuliza Salbiah. "Mtu kasema kwa kinywa chake ni mzima. Funga hilo faili, tuna kazi."

Salbiah alikuwa hajafika mezani kwake pale mlalamikaji mwenyewe alipoingia kituoni na kandambili zake, uso umemwiva kwa hasira. Cheah Poh Gaik alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Alikuwa ameishi 5 Lorong Cempaka tangu Salbiah akiwa shule ya msingi mtaa wa nyuma, na mtaani wote walimwita Anti Cheah, wakiwemo waliomzidi umri.

"Umempigia Siew Hoon leo asubuhi?"

"Nimempigia, Anti. Nimeongea naye. Ni mzima."

"Umeongea na nani?"

"Na yeye."

"Sikiliza, mwanangu. Ulipopiga, mimi nilikuwa nimesimama dirishani kwake, sikio nimelibandika kwenye kioo. Simu imeita mara mbili, ikanyamaza. Basi! Sikusikia kikohozi, sikusikia kandambili, sikusikia hata 'halo'. Siew Hoon akishika simu mtaa mzima hujua samaki wamepanda bei."

"Labda ameongea taratibu."

"Siew Hoon?" Anti Cheah alicheka kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Nyumba ile haina mtu, Inspekta. Na mwezi wenyewe ndio huu, mizimu imefunguliwa, inatembea. Kitu kilichoipokea simu yako mimi sitaki hata kukijua jina. Lakini wewe unalipwa mshahara ukijue."

Sajini Balakrishnan, aliyekuwa akinywa chai yake ya maziwa kwenye mfuko wa plastiki, alitaka kucheka. Alimtazama Inspekta wake, akaona hacheki, naye akaacha.

"Ufunguo wa akiba wa nyumba ile anao nani?" Salbiah aliuliza.

Anti Cheah alikuwa ameushika mkononi tangu alipoingia.

* * *

Lorong Cempaka ilikuwa imejaa majivu. Mbele ya kila mlango, kando ya barabara, palikuwa na duara jeusi pale watu walipochoma karatasi za sadaka kwa mizimu ya mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, na vijiti vya udi vilivyochomekwa kwenye viazi na makopo ya maziwa. Mbele ya 3A saruji ilikuwa safi kabisa.

"Unaona?" alisema Anti Cheah. "Tangu mwezi uingie hajachoma hata karatasi moja. Siew Hoon huyuhuyu ambaye mwaka jana alitoka hospitali na bandeji mguuni ili achome."

Salbiah aliona, na hakupenda alichokiona. Alifungua mlango.

Ndani palinuka machungwa yaliyooza. Yalikuwa kwenye madhabahu ya ukumbini, matano, yamesinyaa na kuota ukungu wa kijani, mbele ya picha ya marehemu mume wa Bi Goh. Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa, na vumbi limetua juu ya mto. Kwenye ndoano ya bafuni taulo lilikuwa limekauka likawa gumu. Huyu ndiye mtu aliyedaiwa kuletewa uji asubuhi ile. Sajini Bala alipita jikoni akarudi akitikisa kichwa.

"Sinki kavu, afande. Hakuna bakuli la uji, hakuna kijiko."

"Simu iko wapi?"

Ilikuwa kwenye rafu ya ukumbini. Salbiah hakugusa kitu kwanza. Alifuata waya kwa macho. Waya mwembamba mweupe ulitoka ukutani, ukaingia kwenye ruta ya waifai iliyokuwa ikipepesa taa zake za kijani. Kutoka kwenye ruta waya wa njano uliingia kwenye kiboksi cheusi kidogo kama pakiti ya sigara. Kutoka kwenye kiboksi waya wa simu ulikwenda kwenye simu ya mezani ya rangi ya maziwa, ya vibonye vikubwa, inayouzwa kwa wazee.

"Nani amefunga hivi vitu?"

"Si huyo Eng Keat!" Anti Cheah alibaki mlangoni, hakutaka kuvuka kizingiti. "Amekulia ng'ambo, Perth, amerudi juzijuzi, ati mtaalamu. Zamani Siew Hoon alikuwa na simu ya waya wa kawaida tu, inafanya kazi hata umeme ukikatika. Kijana akaja akaing'oa, akamfungia hii ya intaneti. Mwezi wa mizimu ushaingia, yeye anatoboa ukuta! Nikamwambia Siew Hoon, wewe umerogwa? Unafunga kitu kipya mwezi huu? Akaniambia si yeye aliyetaka. Jioni ile ndiyo nimemwona mwisho."

Hapo Salbiah alikaribia kulitegua fumbo. Mtu akikichomoa kiboksi, akaenda kukichomeka kwenye ruta nyingine, namba humfuata. Ingekuwa hivyo, kiboksi kisingekuwepo, au kingekuwepo taa zimezima. Lakini hiki kilikuwa hapa, kinawaka. Alivaa glavu, akanyanyua mkono wa simu, akasikia mlio wa laini, mzima kabisa. Akaurudisha mahali pake akiwa ameudhika.

"Basi tumekwama," alisema Bala. "Simu ipo, laini ipo. Asiyekuwepo ni mwenye simu."

"Mpigie binti yake Melbourne. Mwambie apige hapa nyumbani sasa hivi, halafu akupigie wewe. Usimweleze lolote."

Bala alifanya hivyo. Walisimama wakiitazama simu. Mtaani mwanamke alikuwa akimfokea muuza gesi, kisha naye akanyamaza.

Simu ikaita.

Ikaita mara ya pili. Ilikuwa na mlio mkubwa wa kukera. Ikaita mara ya tatu, na katikati ya mlio ule ikakatika, kana kwamba mtu ameinyanyua. Mkono wa simu ulikuwa umelala palepale, mbele ya macho yao watatu.

Anti Cheah alitaja mungu wake kwa sauti ya chini, akarudi nyuma hadi barabarani. Bala, mtu mzima mwenye masharubu, alikuwa ameishika pingu kiunoni kana kwamba angemfunga nayo mtu. Salbiah aliunyanyua ule mkono wa simu kwa kasi akauweka sikioni. Ulikuwepo mlio wa laini tu, huru, kama laini ambayo haikuwahi kuita.

Simu ya Bala ikalia mfukoni, naye akaruka. Alikuwa binti wa Bi Goh, Ooi Lay Peng. Salbiah aliichukua.

"Jamani mbona mnanitisha?" sauti ya mbali ililalamika. "Mama nimempata, yuko nyumbani, ni mzima. Nimeongea naye sasa hivi."

"Lay Peng, hapa ni Inspekta Salbiah. Mimi nimesimama ukumbini kwa mama yako. Simu yake iko mbele yangu. Imeita, na sisi hatukuipokea. Mama yako hayupo hapa, na hajalala hapa siku nyingi."



"Usikate," alisema Salbiah. "Nipe muda kidogo nifikiri."

Alikaa kwenye kiti, jambo ambalo si la kawaida katika nyumba inayopekuliwa. Sikukuu iliyopita mume wake alikuwa ameleta kiboksi kama hiki nyumbani, akakesha akikipatanisha na ruta. Baadaye, kwa mapenzi ya mama yake, alinunua cha pili akakifunga nyumbani kwa huyo mama, huko Balik Pulau. Salbiah aliikumbuka sana wiki ile.

"Bala, kiboksi si kimoja. Ni viwili."

"Namba mbili?"

"Namba ileile. Siku hizi namba haikai ukutani, inakaa kwenye jina na nywila. Ukiviandika kwenye kiboksi cha pili, popote penye intaneti, vyote viwili vinakuwa simu moja. Mtu akikupigia vinaita vyote. Wa kwanza kunyanyua ndiye anayeongea, na kile kingine kinanyamaza. Mama mkwe wangu alipokea simu zangu zote wiki nzima. Alijua mpaka madeni ya dada yangu. Nilimwambia mume wangu achague, kiboksi au mimi."

"Akachagua nini?"

"Usinichezee, Bala."

"Lakini kampuni imesema anwani ni hapa."

"Anwani ni ile aliyoiandika Eng Keat siku anasajili. Angeandika ikulu, kampuni ingetuapia kwamba Bi Goh yuko ikulu, anakunywa chai."

Bala alikuna masharubu yake. "Sasa kama anaye kwingine, hiki amekiacha cha nini? Si angekichukua tu?"

"Ili kiite. Jirani asikie simu inaita kwa Bi Goh, asikie inapokewa, aende zake. Ila hakumjua Anti Cheah. Hakujua kwamba kuna watu wanaobandika masikio kwenye vioo."

"Nimesikia hiyo!" alisema Anti Cheah kutoka barabarani.

* * *

Lay Peng alikuwa bado hewani. Salbiah aliweka spika, akauliza polepole, swali moja baada ya jingine.

"Nani alipokea ulipopiga sasa hivi?"

"Eng Keat. Kisha akampa Mama."

"Mama yako alisema nini?"

"Yaleyale. Kwamba ni mzima. Kwamba leo jioni Eng Keat anamleta mwanasheria ili Mama aweke dole gumba kwenye karatasi za nyumba. Mama hajui kuandika, Inspekta, maisha yake yote anaweka dole. Nyumba inaandikwa jina la Eng Keat kwa kuwa mimi niko mbali. Akasema baada ya hapo atapumzika."

"Atapumzika. Ni neno lake?"

"Ndiyo. Kwani?"

Salbiah na Bala walitazamana. Mtu aliyemficha mama wa watu mahali pasipojulikana, akimwacha aongee na bintiye kila jioni ili binti asishtuke, alikuwa akimweka hai kwa sababu moja tu. Jioni ile, dole likishagusa karatasi, sababu hiyo ingekwisha.

"Kuna kitu chochote kilichobadilika anavyoongea nawe? Hata kidogo. Hata cha kijinga."

"Hapana... Basi tu, amekuwa mkali. Ananiita jina langu zima. Maisha yangu yote ananiita Ah Mooi, hata mbele ya mume wangu, mpaka naona aibu. Lakini wiki hizi kila nikipokea ni 'Ooi Lay Peng, umekula? Ooi Lay Peng, watoto hawajambo?' Kama karani wa benki. Juzi nilimgombeza. Nilimwambia, Mama, ukiwa na hasira nami sema, usiniite kama mgeni."

Salbiah aliinuka kwenye kiti.

"Anakupigia jioni?"

"Jioni, giza likishaingia huko."

"Lay Peng, huku kwetu ni mwezi wa ngapi?"

"Agosti."

"Si huo. Mwezi wa kwenu. Wa kalenda ya mama yako."

 Ukasikika mguno, kama wa mtu aliyepigwa tumboni.

Mwezi wa saba, giza likiingia, mama wa Kihokkien hamtaji mwanawe kwa jina kamili. Humwita Kadogo, humwita Mbwa, humwita chochote, ili jina lenyewe lisije likadakwa na wasiopaswa kulisikia. Salbiah ni Mwislamu, lakini amekulia ukuta mmoja na watu hawa, na mwezi huo hata yeye utotoni waliacha kumwita kwa jina wakiwa uani. Bi Goh, mtu wa kutoka hospitali na bandeji ili achome karatasi, alikuwa akilitangaza jina zima la mwanawe wa pekee kila jioni, kwa makusudi, mtu amemkalia ubavuni. Eng Keat wa Perth hakuona tatizo. Na binti, aliyekuwa ameisahau kalenda, aliona mama ana kisirani.

"Alikuwa ananiambia," Lay Peng alisema, akilia sasa. "Kila siku alikuwa ananiambia, na mimi nimemgombeza."

"Utalia baadaye, dada. Sasa hivi nahitaji masikio yako. Ulipoongea naye, nyuma yake ulisikia nini?"

"Kelele. Matoazi, ngoma. Watu wanaimba kwa sauti nyembamba, kama opera. Nikafikiri ni televisheni."

"Opera ya zamani, au wasichana wa nyimbo za kisasa?"

"Ya zamani. Ile ya kuburuza neno moja mpaka unakata tamaa."

Salbiah hakuhitaji kuuliza. Bala alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu kwa vidole.

"Leo majukwaa ya kuitumbuiza mizimu ni mawili kisiwa kizima, afande. Trafiki wametangaza barabara zilizofungwa. Air Itam wana wasichana wenye sketi fupi. Najua kwa sababu nilijitolea kwenda kulinda usalama huko na nikanyimwa. Opera iko Jelutong, nyuma ya soko."

"Anti Cheah!" Salbiah aliita akitoka. "Kaa hapa mlangoni. Simu ikiita, usiiguse."

"Hata ukinilipa!" alisema Anti Cheah.

* * *

Nyuma ya soko la Jelutong waigizaji walikuwa wakiimba mbele ya viti vitupu. Safu za mbele ni za wasioonekana, hakuna anayethubutu kuzikalia, na saa hiyo ya mchana hata walio hai walikuwa hawajaja isipokuwa wazee wachache na muuza karanga. Mwigizaji aliyepakwa uso mweupe aliunyoosha mkono wake kwa viti vile na kuvilalamikia kwa uchungu wa kweli. Salbiah alipita pembeni bila kuwatazama. Alikuwa amevaa kiraia, na Bala alikuwa amefunika shati la sare kwa jaketi.

Nyumba zilizopakana na jukwaa zilikuwa safu mbili za ghorofa moja, zinazotazamana kwenye uchochoro. Zilikuwa nyingi mno kubisha moja moja. Ukibisha ya kwanza, mtu wa ya mwisho amekwisha kuchungulia na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Salbiah alitoa simu yake akapiga namba ya Bi Goh. Huko Lorong Cempaka, bila shaka, simu ya rangi ya maziwa iliita na Anti Cheah akaomba dua. Hapa ikapokewa.

"Halo?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Salbiah hakujibu. Alisikiliza. Kwenye sikio la kushoto, hewani, ngoma kubwa ya opera ilipiga *dum*. Kwenye sikio la kulia, ndani ya simu, *dum* ileile ikafuata ikiwa imechelewa kidogo, kama mtu mvivu anayeitikia. Yupo. Yupo karibu kiasi cha kurushiana jiwe.

"Halo? Nani?"

Alikata. Alimwonyesha Bala kwa kidole achukue safu ya kulia, yeye akachukua ya kushoto, na akasubiri. Jukwaani mwimbaji alimaliza malalamiko yake. Matoazi yalipigwa kwa fujo ya mwisho, na waigizaji wakaingia nyuma ya pazia kubadili mavazi. Uchochoro ukatulia.

Salbiah alipiga tena.

Alisikia mlio wenyewe. Uleule mkubwa wa kukera wa simu za wazee, ukitoka nyuma ya mlango wa tatu, wa buluu, ambao dirisha lake lilikuwa limefunikwa kwa magazeti. Safari hii hakuna aliyepokea. Salbiah aliacha iite, akauendea mlango akibonyeza simu yake kifuani, akabisha hodi kwa mkono mwingine. Bala alikuwa amekwisha kuzunguka nyuma.

Mlango ulifunguka nusu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mtanashati, shati limepigwa pasi.

"Ndiyo, dada yangu?"

"Mimi si dada yako. Ni Inspekta Salbiah, tuliongea asubuhi. Wewe ni Goh Eng Keat."

"Aa, Inspekta!" Alitabasamu kwa meno yote. "Pole kwa usumbufu wote huu. Hawa majirani wa Shangazi, wanatia chumvi kila kitu. Nimemwacha nyumbani kwake mchana huu, anapumzika."

"Wapi?"

"Lorong Cempaka. Si umempigia mwenyewe?"

"Simu yako inaita," alisema Salbiah.

"Ni... kazini. Wanasumbua."

"Pokea."

"Si muhimu."

"Pokea tu, mimi nitasubiri."

Eng Keat hakusogea. Ndani simu iliendelea kuita. Salbiah akaunyoosha mkono wake, akamwonyesha kioo cha simu yake, namba na jina alilokuwa amelihifadhi asubuhi: *Bi Goh, nyumbani*.

"Ninampigia shangazi yako kwake," alisema. "Mbona inaita kwako?"

Alibonyeza kitufe kukata, na ndani ya nyumba mlio ukakoma papo hapo.

Tabasamu lilibaki usoni mwa Eng Keat muda kidogo, kama nguo iliyosahauliwa kambani. Kisha akausukuma mlango kwa nguvu. Salbiah alikuwa amekwisha kuweka kiatu kizingitini. Kijana aligeuka, akakimbilia nyuma, akakutana ana kwa ana na Sajini Bala aliyekuwa akiingia kwa kuruka ukuta wa uani, na pingu ile iliyokuwa na hamu tangu Lorong Cempaka ikapata kazi yake.

"Nyie hamuelewi," Eng Keat alihema, shavu likiwa sakafuni. "Ametaka mwenyewe! Muulizeni! Hakuna mtu aliyemgusa. Mimi sijamgusa!"

"Yuko wapi?"

"Jikoni. Anapika. Nimemwambia apike chochote anachotaka. Ninamtunza!"

Kwenye meza ya ukumbini karatasi zilikuwa zimepangwa vizuri, na juu yake kidau cha wino wa buluu, kifuniko kimefunguliwa tayari. Ubavuni mwa meza kulikuwa na ruta, na kiboksi cheusi kama pakiti ya sigara. Karatasi zilikuwa safi.  Walikuwa wamewahi. Aliuendea mlango wa jikoni uliofungwa kwa komeo upande wa nje, akaita kwa Kihokkien ili bibi asiogope.

"Bi Goh? Ni mtoto wa Mat Noor, wa mtaa wa nyuma. Nafungua."

Alivuta komeo.

Jiko la gesi lilikuwa likiwaka, moto wa buluu umefunguliwa wote, na juu yake hapakuwa na sufuria. Bi Goh Siew Hoon alikuwa amekaa kwenye kigoda kando yake, amekonda, nywele zimechanwa vizuri. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeviringishwa kitambaa cha kufutia vyombo kilicholowa maji, na mle jikoni palinuka nyama iliyoungua.

Salbiah alipiga magoti, akakifungua kitambaa taratibu. Alikitazama kidole gumba kwa muda mfupi tu, akakifunika tena.

"Nilikichoma asubuhi," alisema mama yule kwa utulivu. "Yeye anadhani nimejikata kwa kisu. Mwanasheria akija, kidole hiki kitaacha alama gani?"

"Bi Goh..."

"Lakini wanasheria nawajua. Wakikosa cha kulia huchukua cha kushoto."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti, wazi, karibu sana na jiko. Aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Nilikuwa nangoja ngoma zianze tena," alisema, "nisije nikasikika nikilia."

Salbiah alinyoosha mkono akafunga gesi. Nje, ngoma zikaanza.